Majina ya Wageni Ndani ya Debe

Harufu ninayoijua kuliko zote ni ya moshi ndani ya debe tupu. Ayeeyo, ndivyo tulivyomwita nyanya yetu mzaa baba, aliwasha vijiti vya mti aliokuwa akiletewa kutoka upande wa Kipsing, akavingoja mpaka vikawa makaa yenye moshi mzito, kisha akaligeuza debe juu yake, mdomo chini, na kuzungushia gunia lililolowa ili moshi usitoroke. Muda wake aliuhesabu kwa tasbihi. Akiliinua, ndani kulikuwa kweusi, na kulinukia kama asali iliyoungua. Maji yakitiwa humo yalishika harufu hiyo mpaka tone la mwisho. Sisi ni Wasomali wa Isiolo ambao babu zetu walibeba bunduki za Mwingereza na kuachwa hapa vita vilipokwisha. Tulikuwa watu wa mjini, wenye nyumba za mabati na redio, lakini chombo kisichofukizwa hakikuingia jikoni kwetu. Maziwa yasiyo na moshi tuliyaita ya hospitali, na maji vilevile. Naanza na moshi huo kwa sababu ulituficha kitu, na kwa sababu tulikuwa wawili tuliokunywa kutoka debe lile kwa kikombe kimoja, mimi na mdogo wangu Hodan, na leo aliyebaki kuandika ni mmoja.

Shule niliionja tu. Nilifika darasa la tatu nikatolewa kusaidia nyumbani, kwa hiyo msomaji akikuta nimeandika kama ninavyoongea, ajue sina namna nyingine. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka tisa, Hodan minne. Ilikuwa mwisho wa miaka ya sabini. Baba alikuwa njiani na lori, huko Moyale, na mama alikuwa amekwenda Nanyuki kwa mama yake kujifungua, kama desturi yetu ilivyo, akatuacha kwa Ayeeyo. Hodan alikuwa mtoto wa kichwa kikubwa na miguu myembamba, mwenye tabia ya kushika pindo la gauni langu na kunifuata kila mahali. Na hakunywa kitu mpaka anione mimi nimekunywa. "Wewe kwanza, abaayo," alisema, yaani dada, akinisukumia kikombe kama mzee anayemkaribisha mgeni. Nikimeza, alinitazama koo likipanda na kushuka, ndipo naye akanywa.

Mvua ya mwaka ule ilikuja na haikuondoka. Mtaani kulikuwa na bomba moja karibu na msikiti, na siku za jua lilitoa maji mazuri. Mvua ikinyesha kule mlimani, siku ya kwanza bomba lilitoa tope, siku ya pili likakohoa, ya tatu likanyamaza. Hapo mtaa mzima ulirudi kwenye mfereji. Mfereji ulikuwa umechimbwa zamani kutoka mtoni, juu ya mji. Ulipita kwenye mashamba ya mboga, ukapita nyuma ya lojingi ya Haji Shabel, nyumba ya wageni ya ghorofa moja, ndipo ukatufikia sisi. Ayeeyo alikulia kwenye laga, ile mito ya mchanga ya kwetu kaskazini inayokauka mwezi na kujaa kwa saa moja, na sheria yake ilitoka huko. Maji ya kwanza baada ya mvua yaachwe yapite, maana yamekokota mavi ya ng'ombe na mizoga. Yakishapita hayo, yanayofuata ni masafi. Basi tulikaa ukingoni na madebe yetu, wanawake na wasichana, tukingoja mfereji ujioshe, na huku tukisemana.

Siku moja ya kungoja namna hiyo karatasi ilikuja juu ya maji ikanata kwenye debe langu. Ilikuwa kipande cha mraba, ukubwa wa kiganja, kimekatwa kwa makasi, chenye mistari ya buluu na maandishi ya kalamu ya wino ambayo maji hayakuyafuta. Kwa darasa langu la tatu nikasoma kwa sauti: Jina, Galgalo. Atokako, Marsabit. Aendako, Nairobi. Kazi. Hapo makasi yalikuwa yamepita, kazi ya Galgalo sikuijua. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. "Karani wa mfereji ameanza kazi," alisema mmoja. "Hebu tazama kama mume wangu amepita hapo, tangu Jumatatu sijamwona." Jina la Karani likanishika. Mimi sikujali. Nyumbani kwetu kitabu kilikuwa kimoja tu, na hicho huwezi kukishika bila udhu. Karatasi ile niliianika juu ya jiwe, nikaiweka kwenye mkebe wa majani ya chai, na kuanzia siku hiyo nilikuwa wa kwanza kufika mferejini.

Zikaja nyingine. Nilipata Halake kutoka Wajir aendaye Meru, nikapata mwalimu, nikapata watu wawili wa jina moja waliolala siku moja na kwenda pande mbili. Nilijifunza kusoma kwa watu hao kuliko nilivyojifunza shuleni, kwa sababu nilitaka kujua wanakokwenda. Hodan alinibebea mkebe. Hakujua kusoma, lakini alikuwa amewashika baadhi yao kwa sura ya maandishi, na akiona kipande chenye mkono aliouzoea alisema, "Huyu amerudi." Lakini kulikuwa na jambo moja lililonikaa kichwani kama mwiba kwenye nyayo. Karatasi zilikuja siku ya mvua na siku inayofuata tu. Siku za jua nilikaa ukingoni asubuhi nzima nikiangalia maji yakipita matupu. Kama watu walikuwa wanazitupa mferejini, kwa nini wazitupe wakati wa mvua peke yake? Niliwauliza wanawake. Wakaniambia Karani aache kusumbua, maji ni maji.

Jibu nusu nililipata lojingi kwenyewe. Kila asubuhi nilipeleka pale maziwa ya mbuzi wa Ayeeyo. Haji Shabel alikuwa mtu mnene mwenye ndevu za hina, mcheshi, binamu wa babu yetu, na ndiye aliyeleta mtaani kwetu choo cha kwanza cha kuvuta. Watu wazima walikuwa wanakwenda kumwamkia ili tu wapate nafasi ya kuvuta ule mnyororo na kusikia maji yakinguruma. Asubuhi moja nilibanwa, mpishi akaniruhusu kuingia. Na pale ukutani, kwenye msumari, palikuwa na rundo la vipande vya mraba vyenye mistari ya buluu. Daftari za zamani za wageni zilikuwa zinakatwa na kutundikwa kwa kazi mnayoijua. Nilisimama mbele ya msumari ule muda mrefu mpaka mpishi akagonga mlango kuuliza kama nimezama. Sasa nilijua Galgalo alitoka wapi. Sikujua alitokaje shimoni akafika kwenye debe langu.

Aliyenifungulia nusu ya pili ni fundi Mwiti, Mmeru mrefu aliyefanya kazi zote za mabomba ya Haji. Nilimkuta nyuma ya lojingi na mtaimbo mkononi, nikamwamkia.

"Fundi, karatasi za chooni zinaenda wapi?"

"Zinaenda kwa mabwawa ya uchafu, kule chini ya mji."

"Zote?"

Akanitazama, akacheka. "Wewe umekuwa bwana afya siku hizi?"

Lakini naona hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kuhusu kazi yake, maana aliinua kifuniko cha chemba, shimo la kukagulia mabomba, kwa mtaimbo kama mtu anayefungua sanduku la harusi. "Chungulia, ila usianguke, sitaki kesi na nyanya yako." Nikalala kifudifudi nikachungulia, Hodan amenishika miguu. Chini niliona uchafu ukipita polepole, uzi mwembamba usiozidi vidole viwili. Kando yake palikuwa na ukuta mfupi wa matofali, urefu wa goti, na ng'ambo ya ukuta bomba jingine, kavu kabisa, mjusi amekaa ndani yake.

"Huo ukuta ni akili yangu mimi," alisema Mwiti. "Bomba ni moja, kazi ni mbili. Siku ya jua linabeba choo. Mvua ikija, maji yote ya barabara yanaingia humu humu, bomba linashiba. Likishiba, maji yanaruka ukuta, yanatokea kwa hiyo nyingine. Bila hivyo choo kingemtapikia Haji ndani ya nyumba na wageni wakiwa kitandani."

"Na hiyo nyingine inatokea wapi?"

"Kwa mfereji."

"Sisi tunateka maji huko, fundi."

"Siku ya mvua maji ni mengi. Uchafu unapotea." Akarudisha kifuniko, akakikanyaga kikae sawa. "Halafu si nyinyi mnatia moshi?"

Nilirudi nyumbani nikiwaza ukuta ule. Nakiri kwamba sikuwa na hofu. Nilifurahi, kama mtu aliyeoneshwa mahali jogoo anapoficha sauti yake. Nilitaka kuhakikisha. Mvua ilipoanza tena, mchana, nilikwenda lojingi na kipande cha karatasi nilichokifunga uzi mwekundu wa mkeka wa Ayeeyo, nikakitupa chooni, nikavuta mnyororo, nikatoka mbio. Hodan nilikuwa nimemwacha ukingoni na kazi ya kuangalia. Nilipofika, nimelowa chapachapa, tulingoja. Yakapita majani ya migomba yaliyofungia miraa, ikapita kandambili moja, na nyuma yake, taratibu, ukaja uzi mwekundu. Hodan akaingia majini mpaka magotini akaudaka. "Amefika," akasema, akaniinulia juu nione. Tulicheza pale kwenye mvua kama watu walioshinda kitu.

Jioni ile nilimweleza Ayeeyo yote, tangu msumari mpaka ukuta, nikamwekea uzi wake mwekundu mkononi. Ayeeyo hakuwa mjinga, msimfikirie hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachota maji kwenye debe akafanya kama tulivyofundishwa duksi, kwa maalim wa Kurani, tuyapime maji ya udhu: rangi, harufu, ladha. Akayamimina kwenye bakuli jeupe, yalikuwa yametulia tangu mchana, meupe. Akayanusa. Akayaonja. "Niambie unasikia nini," akaniambia. Nikanusa na mimi.

"Moshi," nikasema.

"Basi."

"Lakini Ayeeyo, huo moshi ni wetu. Chini yake je?"

Hapo ndipo alipokasirika. Alisema Haji Shabel alishika jeneza la babu yangu, na mtoto wa kwetu hatachukua jina la mtu kama huyo akaliweka karibu na neno choo. Nikamuuliza kama tungechemsha. Akasema maji yaliyochemshwa yamekufa, hayashiki moshi, na kuni za kuchemshia maji ya kunywa tungezitoa wapi na mvua hii. Maneno yalifika kwa Haji, maana mji wetu ulikuwa mdogo. Akaja mwenyewe mpaka mlangoni, salaam aleikum, mwavuli mkononi, anacheka. "Nasikia hapa kuna bwana afya." Akanishika shavu. "Mwanangu, mimi nakunywa maji yale yale unayokunywa wewe." Kweli alikunywa. Haji Shabel alikunywa chai tangu alfajiri mpaka isha, na chai huchemka. Hilo nililifikiria nikiwa na miaka ishirini.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kupita haraka. Mimi nilijua. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu, na mdogo wangu ameshika uzi kwa mkono wake. Wala sikuacha kuteka maji pale. Zaidi ya hayo, nilisogea juu. Wanawake wengine waliteka chini, kwenye mawe. Mimi nilipanda karibu na mdomo wa lile bomba kwa sababu karatasi zilikuwa nyingi hapo na hazijachanika. Niliomba mvua. Nilikuwa na mkebe uliojaa majina na nikataka wa pili. Nikija nyumbani na debe, nilikuwa na kiu kama mtoto yeyote, maji yakinukia moshi kama siku zote, nikanywa. Na Hodan akinitazama koo.

Tuliugua siku ile ile moja, mimi na yeye. Sitaeleza ugonjwa wa tumbo ulivyo, aliyeuona ameuona. Kufikia adhuhuri ya siku ya pili Ayeeyo alimbeba Hodan mgongoni, na jirani akanibeba mimi, tukapelekwa hospitali tukalazwa kitanda kimoja, kichwa changu huku na chake kule. Mtaa wetu peke yake ulikuwa umejaza wodi. Muuguzi alileta jagi la maji yaliyochemshwa, yenye chumvi na sukari, akamwambia Ayeeyo tunywe, tunywe, tusiache kunywa. Hodan alisukuma kikombe. Maji yale hayakuwa na moshi. Kwake hayo hayakuwa maji. Akanisukumia mimi. "Wewe kwanza," akasema, bila sauti, midomo tu. Nami sikuweza kuinua kichwa. Ayeeyo akambembeleza, akamtisha, akajaribu kumfungua mdomo kwa kidole, maji yakamwagika shingoni. Nilikuwa nimemtazama naye amenitazama. Nilisema moyoni nipumzike kidogo, kisha nitakunywa aone. Nilipofumbua macho alasiri, upande wake wa kitanda shuka lilikuwa limenyooshwa, na Ayeeyo alikuwa ameshika kikombe kile kile akinipa mimi. Nikanywa chote.

Mama alirudi wiki ya tatu na mtoto mchanga mgongoni. Alisimama mlangoni akahesabu watoto. Ayeeyo hakufukiza debe tena mpaka alipokufa. Alichemsha, na kuni akazitafuta mwenyewe. Maalim, alipoambiwa habari ya lile bakuli jeupe, akasema, "Mimi niliwafundisha maji ya kujitwaharisha. Ya kunywa hakuna aliyeniuliza." Haji Shabel ndiye aliyeleta sanda, nasi tukaipokea. Lojingi yake iliendelea kujaa, na jina lake likabaki zuri mpaka leo, kwa hiyo acha mimi niliandike hapa lilivyokuwa. Fundi Mwiti nilikutana naye nikiwa msichana mkubwa. Akaniambia mvua ya mwaka ule ilikuwa kubwa sana. Ni yeye aliyeingiza maji ya barabara kwenye bomba la choo, kwa sababu kuchimba mtaro wa pili kwenye mwamba ule kulimchosha. Na aliyetakiwa kumkataza, Bwana Riungu wa ofisi ya afya, alikuja kukagua, akaketi kwa Haji, akanywa chai yenye maziwa yetu, akapiga muhuri bila kufungua kifuniko. Huyo alihamishwa akapandishwa cheo. Nikihesabu wenye lawama, hao ni watatu. Wa nne ni Ayeeyo, Mungu amrehemu. Wa tano ameshajitaja. Ule mkebe niliutia motoni mwenyewe, na kusoma nikaacha kwa miaka mingi.

Siku hizi naishi mtaa wa Wabera, Isiolo hapa hapa. Maji ya kunywa ya wajukuu nanunua ya chupa, ya kupikia yanakuja kwa mtungi juu ya bodaboda, na bomba lipo ukutani likitoa maji siku linapopenda. Mfereji umefunikwa na maduka, ila unapita chini yake bado, na huko chini kabisa, kuelekea Ngaremara, kuna watu wanaonyweshea mifugo na kuchota kando ya mifugo hiyo hiyo. Mwaka huu mvua ilipoanza, walikuja vijana watatu wa idara ya maji wenye makoti ya rangi ya machungwa, wakiuliza wazee kama kuna anayejua chemba za zamani zilipo, kwa sababu ramani hazionyeshi. Nikawapeleka. Lojingi imekuwa duka la vyuma, na kifuniko kilikuwa chini ya pipa la misumari. Wakakiinua. Nilikataa kulala kifudifudi kwa umri huu, kijana mmoja akanipigia picha kwa simu, akanionyesha. Ukuta upo, matofali yale yale, na maji yalikuwa yanauruka wakati ule ule tulipokuwa tunautazama.

Alikuwa kijana mwenye adabu. Alichota kidogo kwenye chupa, akatumbukiza ukanda wa karatasi, ukabadilika rangi, akaniambia rangi ile inaonyesha nini. Nilimuuliza maswali mengi, naye akajibu yote, na kwa saa nzima nilikuwa na furaha ambayo niliionea haya. Nikamweleza kuhusu Hodan. Akavua kofia. "Pole sana, mama. Lakini zamani watu hawakujua," akasema.

"Mimi nilijua," nikamwambia. "Nyinyi mkishaandika, mtafanya nini?"

Akafuta kioo cha simu kwenye koti lake. Akasema ripoti itapelekwa. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba kuna nyingine ilipelekwa kabla ya hii, na kuna nyingine kabla ya hiyo, na zote zinasema huo ukuta uvunjwe na mtaro wa pili uchimbwe. Wenzake walikuwa wameshaanza kurudisha kifuniko, na mwenye duka alikuwa anawahimiza waliweke pipa lake mahali pake. Nilirudi nyumbani kwa miguu kwenye mvua ile. Watu huniuliza zamani na sasa vinatofautianaje, nami najibu nilichokiona. Wakati ule aliyejua alikuwa mtoto mmoja wa miaka tisa, na hakusikilizwa. Siku hizi anajua kila mtu.